Kumpeleka Misi kwa Bibi Yake Majoreni

Tangu nirudi, wenzangu mnaouza chakula pale barabarani hamjaniacha nipumue. Kila anayekuja kuazima kiberiti ananiuliza mambo mawili: bahari ikoje, na mama mkwe alikupokeaje. Nikianza kusimulia, lori linasimama, wateja wanaingia, chapati inaungua, na hadithi inakatikia Kinango. Kwa hiyo nimeona niandike. Nilifika darasa la nane tu na mwandiko wangu mnaujua, lakini haya niliyoyaona ni mengi mno kukaa nayo peke yangu.

Kwanza niwape habari za Misi. Ameanza shule. Nilimshika mkono mpaka getini, leso begani, nimejiandaa kumfuta machozi. Akauachilia mkono wangu kama mtu anayetua ndoo, akaingia, hakugeuka. Aliyebaki amesimama ni mimi, mpaka bawabu akaniuliza kama na mimi nimekuja kuandikishwa.

Sasa kwa nini tulikwenda. Mnamjua mume wangu Bakari, fundi wa magurudumu, mtu wa utani na kelele. Msichojua ni kwamba kwa miaka sita mamake alikuwa hasemi naye. Bakari aliondoka Majoreni kijana akifuata malori, akanikuta mimi huku, akanioa huku, na mamake akazipata habari kutoka kwa watu. Akasema mwanamume aliyeoa bila kumwambia mamake basi hana mama. Misi alipozaliwa tukampa jina la bibi yake, Mwanamisi, tukidhani litampoza. Ndipo akakasirika zaidi: jina langu linatembea huko na mimi sijaliona uso. Sukari tuliyomtumia kwa mkono wa dada yake Bakari aliipokea. Simu hakupokea.

Na Misi alikuwa anaingia shule Januari. Mnajua desturi, kwetu Waduruma na kwao Wadigo ni moja: mtoto hatoki kwenda kuanza jambo kubwa bila mzazi wa upande wa babake kumpulizia maji kwa mdomo na kumsemea maneno mema. Mimi ni mtu wa kanisa, mavyaa wangu, yaani mama mkwe, ni mtu wa msikiti, lakini maji haya tumeyakuta wote. Nami nilipuliziwa na bibi yangu kabla ya darasa la kwanza, na bado naikumbuka ile baridi kifuani. Shida ni moja. Mwenye kinyongo hapulizi, maana kinyongo hutoka pamoja na maji. Kwa hiyo haikutosha kumfikisha mtoto kwa bibi. Ilibidi bibi kwanza amsamehe baba.

"Tangulia wewe na watoto," Bakari akaniambia. "Mimi nitafuata."

"Utafuata lini?"

"Ukiniambia hakuna mwiko wa ugali mkononi mwake."

Mackinnon Road hadi Kinango

Tuliondoka alfajiri kwa lori la Mutua, yule dereva Mkamba anayekula maharagwe yangu kila wiki bila kuyasifu hata mara moja. Alikuwa anapeleka mbuzi Ukunda kwa sababu ya sikukuu. Mimi, Misi na mdogo wake Rama tukakaa mbele. Mizigo ikaenda nyuma: chupa mbili za asali, kunde kavu, na jozi ya leso mpya za mavyaa, zimefungwa kwa gazeti.

Misi aliuliza maswali tangu gari linawashwa. Shule ina milango mingapi? Mwalimu analala wapi? Kisha akauliza, "Mama, nikijua kusoma, nitasahau vitu vingine ili nafasi itoshe?"

Mutua akacheka mpaka usukani ukayumba. Mimi sikucheka. Nilitazama nje, vichaka vikavu vinapita, nikajiuliza mimi nilisahau nini nilipojifunza kusoma.

Tukakunja Samburu tukashika njia ya Kinango. Pale Kinango Mutua alisimama anywe chai ya dakika kumi, tukakaa saa mbili, kwa sababu mbuzi wawili waliruka wakaingia sokoni, na mmoja aliwakimbiza watu wazima watano kama anawafundisha mchezo. Nikapanda nyuma kuangalia mzigo. Mbuzi mwingine, mpole, mweupe, amesimama na gazeti mdomoni. Leso za mavyaa wangu amezila pindo lote la upande mmoja, zote mbili, kwa ustadi, kama mtu aliyetumwa.

Nikakaa juu ya gunia nikaanza kulia. Mutua akaja akaangalia.

"Si ni kitambaa tu, mama Misi?"

"Leso bila pindo ni kitambaa. Ndiyo maana nalia."

Akakuna kichwa. "Basi mpelekee na mbuzi aombe msamaha mwenyewe."

Kwale

Baada ya Kinango nchi inabadilika taratibu, kama mtu anayeamka. Kwanza majani yanakuwa mengi. Kisha barabara inapanda, hewa inapoa, na Rama, ambaye hajawahi kusikia baridi mchana, akaingia ndani ya blauzi yangu. Sisi huku tunajua mti mmojammoja, kila mmoja na kivuli chake na mtu wake chini. Kule Kwale miti imesongamana mpaka huwezi kusema jani hili ni la nani. Nilitaka kumwonyesha Misi, nikakosa maneno, nikawa nanyoosha kidole tu huku na huku.

Tulipovuka mji tukaanza kuteremka, Misi akanivuta mkono.

"Mama, mbona mbingu imeshuka kule?"

Nikatazama. Chini ya mbingu palikuwa na buluu nyingine, nzito zaidi, imenyooka kutoka mwisho huu wa dunia mpaka mwisho ule. Nimezaliwa katika kaunti hii hii, nina miaka ishirini na sita, bahari nimeiona kwenye kalenda. Kwenye kalenda ina mwisho. Hapa haikuwa na mwisho, na haikufanya chochote, ilikaa tu pale kama ilivyokuwa inakaa siku zote nilizokuwa nagombania zamu kisimani.

Mutua hakuambiwa na mtu. Akaegesha lori kando, akazima injini. Hata mbuzi walinyamaza.

"Mimi napita hapa kila mara," akasema polepole, "na kila mara nasimama. Usiwaambie kina Bakari."

Nimewaambia. Anisamehe.

Diani

Ukunda tulilala kwa Mercy, niliyesoma naye darasa moja. Siku hizi anafua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na Kiswahili chake kimeshakuwa cha watu wa Ukunda.

"Aki wewe, Umazi, miaka yote hiyo na hujawahi kuja bichi? Si ungenishtua tu nikupokee?"

Asubuhi akatuchukua kwa miguu. Njiani akatuonyesha kitu ambacho bado nakiota. Juu ya barabara wamefunga madaraja ya kamba na vipande vya mbao, kutoka mti wa upande huu mpaka mti wa upande ule, na juu yake mbega wanavuka, kima weusi wenye mikia mirefu myeupe, mama na mtoto tumboni, bila haraka. Magari yanapita chini yao. Tulisimama mpaka shingo zikauma.

"Nani aliwajengea?" Misi akauliza.

"Watu wanaowaonea huruma," Mercy akasema. "Zamani walikuwa wanagongwa sana."

Misi akafikiri. "Na sisi watatujengea la kwendea shule?"

Mercy aliniangalia. Yeye amekulia huku huku kwetu, anaijua barabara yetu na malori yake. Nikamwambia Misi kwamba daraja lake ni mkono wangu. Akakubali, lakini aligeuka mara tatu kuwatazama mbega.

Kisha bahari yenyewe. Siwezi kuisema vizuri. Nitasema nilivyofanya: nilivua viatu, nikavipanga vizuri mchangani kama mlangoni kwa watu, nikaingia mpaka magotini nikasimama. Nilipogeuka kiatu kimoja kilikuwa kinaondoka zake, na mama mmoja muuza madafu ananiita niwahi. Sikuwahi. Kwa hiyo mjue kwamba nilikwenda kwa mama mkwe na ndara za Mercy, zilizonizidi vidole viwili.

Misi alionja maji akatema. "Mama, nani ametia chumvi yote hii?" Alikasirika kweli. Mtoto aliyelelewa kwa vikombe, amefika kwenye maji yasiyokwisha, akakuta yameharibiwa. Lakini hasira haikudumu. Watoto wa pale walimfundisha mchezo: unajaza maji mdomoni, unasubiri mwenzako acheke, unampulizia usoni. Nyumbani ningemchapa. Nyumbani maji yakiingia mdomoni yanakwenda tumboni. Siku ile niliketi mchangani nikamwacha amwage, ateme, arushe, na moyo wangu ukawa unapanuka, kwa sababu sikuwahi kumwona mwanangu akiwa na kitu kingi hivyo.

Msambweni

Kutoka Ukunda tulipanda gari la kwenda Lunga Lunga, na karibu na Msambweni gurudumu likapasuka. Mke wa fundi nikashuka kuangalia. Nikawaambia jeki wameiweka pabaya.

"Mama, kwani wewe ni fundi?" dereva akaniuliza, amekunja uso.

"Mimi ni mke wa fundi."

"Basi tupigie mumeo."

Jeki ikateleza muda si mrefu, bila kumuumiza mtu, namshukuru Mungu. Hakuniambia kitu tena, ila aliiweka pale niliposema.

Wakati tunangoja, nikawapeleka watoto kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai kando ya barabara, jina lake Bi Saumu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaanza kunihoji: watoka wapi, waenda wapi, kwa nani. Huku pwani maswali ni sehemu ya mlo. Nilipofika kwenye habari ya leso, akauacha moto.

"Hebu nizione."

Akazikunjua. Akazitazama kama daktari.

"Mwanangu, huku mtu hapelekwi leso iliyoliwa. Atasema umemchimba, umemdharau."

"Nifanye nini, mama?"

Akatoa sindano na uzi kwenye kikapu cha mboga, akanikabidhi mwiko wa kutolea viazi, na kwa muda wa karibu saa nzima mimi niliuza viazi vya mtu nisiyemjua kwa watu nisiowajua, naye akakata pale palipotafunwa akapinda kwa mishono midogo sana, imenyooka kama imeshonwa kwa cherehani. Pindo halikurudi, lakini aibu ilipungua. Nilipotaka kumpa chupa ya asali akakataa mpaka nikamshikisha Misi ampe yeye. Mtoto hakataliwi. Tulipoondoka alituwekea viazi na ukwaju kwenye karatasi, akasema, "Mwambie mavyaa wako Saumu wa Msambweni amekuona, na hakukuona na ubaya."

Baada ya hapo ni miwa, Ramisi yote, majani marefu yenye sukari ndani yake. Misi aliuliza kama kuna nchi ya chai iliyo karibu.

Majoreni

Pikipiki ilituteremsha alasiri. Dada yake Bakari, wifi yangu Mwanasiti, alitoka mbio akambeba Rama. Mamake alikuwa ameketi uani juu ya mkeka, anashona makuti. Mwanamke mwembamba, mikono mirefu. Nikavua zile ndara kubwa, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Mgeni apewe maji."

Nikatoa leso. Akazikunjua, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye mshono.

"Hii imekatwa."

"Ni mbuzi, mama."

"Mbuzi."

"Alikula pindo. Kinango."

Mdomo wake ulitetemeka upande mmoja, kisha ukatulia. Akazikunja akaziweka kando. Misi alikuwa amesimama mbele yake, anamkodolea macho. "Bibi, na wewe unaitwa Mwanamisi?"

"Ndilo jina nililopewa."

"Mimi pia."

"Nimesikia," akasema, akaendelea kushona.

Siku tatu zikaenda hivyo. Chakula alitupa, wali wa nazi, samaki wa kupaka ambaye Misi alimlamba mpaka mfupa. Maneno ndiyo aliyotunyima. Mimi aliniita mgeni. Misi alimfuata kila aendako, kisimani, shambani, na yeye hakumfukuza wala hakumwita. Usiseme habari ya maji, Mwanasiti aliniambia, ukiomba atakataa. Nikawa naamka kila siku nikihesabu: kesho kutwa Mutua anarudi na lori tupu, nami nitarudi na mtoto vile vile nilivyomleta.

Siku ya tatu mchana nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia amesimama nyuma yangu.

"Mgeni, vyombo vyangu huvioshi. Unavipangusa."

Nikaona aibu. Kweli, sufuria sita nilikuwa nimeziosha kwa maji ya bakuli moja, kisha maji yale yale nikayaweka kando ya kuoshea miguu ya Rama. Mikono yangu haijui njia nyingine. Kisima chao kiko hapo nyuma ya jiko, nami siku tatu nilikuwa naogopa kukimaliza.

"Samahani, mama. Kwetu haya ni maji ya siku."

"Ya siku?"

Nikamweleza. Foleni, mitungi, tenki linalokauka, siku za kungoja bouza, lile lori la kuleta maji. Akasikiliza. Kisha akauliza, kama anauliza habari za jirani, "Na yeye? Huchota?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja, na hata hapo hakumtaja.

"Huchota, mama. Kwa baiskeli, mitungi minne, kabla hajaenda kazini. Mimi tangu nizae hajaniacha nibebe."

"Bakari?"

"Ndiyo, mama."

"Yule niliyekuwa nikimtajia ndoo, anapanda mnazi kujificha?"

"Huyo huyo."

Akachukua lile bakuli la maji machafu, akalimwaga, akaenda kisimani mwenyewe akaniletea ndoo mbili zilizojaa mpaka zinamwagika njiani. "Osha," akasema.

Kesho yake asubuhi, kabla mtu hajala, akaniita. Hakuniita mgeni.

"Mkaza mwanangu, mlete somo wangu, huyo wa jina langu, hapa."

Mwanasiti alinibana kiganja mpaka kikauma. Mavyaa alikuwa amesimama mbele ya mlango, amejifunga zile leso zilizoliwa pindo, ana kata ya maji mkononi. Misi akasimamishwa, uso kwa uso na jina lake. Mavyaa akasema bismillahi, akavuta maji mdomoni, akampulizia kifuani mara moja, mbili, tatu, na baina ya kila moja akasema maneno, kwa Kidigo, polepole: kama nina neno moyoni juu ya babako, limetoka, limekwenda na maji haya. Enenda shule. Usome, ujue, urudi mzima.

Nilikuwa namshukuru Mungu wa kanisani na wa msikitini kwa pamoja. Na hapo ndipo Misi, kifua kinamchuruzika, uso umemng'aa, akanyoosha mikono yote miwili, akashika kata, akavuta maji mashavu yakajaa, akangoja kidogo, na akampulizia bibi yake usoni.

Kuku alipita. Mwanasiti alijifunika mdomo kwa ukaya. Mimi nilijua imekwisha, miaka sita na safari yote imekwisha kwa mchezo wa Diani, na nilifungua kinywa niombe radhi.

Mavyaa alisimama, macho amefumba, maji yanamtiririka kwenye mikunjo ya uso. Hakujifuta.

"Mara ya mwisho," akasema, "aliyenipulizia maji alikuwa bibi yangu. Siku naolewa. Naye alikuwa Mwanamisi." Akafumbua macho akamtazama mtoto. "Lakini yeye alisema na maneno. Wewe maneno yako yako wapi?"

Misi akafikiri. Akanitazama mimi, mimi sina msaada. Basi akasema kama alivyoambiwa yeye:

"Na wewe bibi enenda shule. Usome, ujue, urudi mzima."

Yule mama, ambaye shule hajaitia mguu, alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka analia, amemshika Misi kichwa, na Mwanasiti naye akaanza, na mimi nikapiga magoti palepale kwenye matope madogo, sijui nacheka au nalia. Nimeona bahari, nimeona mbega wakivuka juu ya magari, nimeona msitu. Lakini sijaona kitu kikubwa kama uso ule ulioloa.

Alipopata pumzi akaninyooshea mkono.

"Lete hiyo simu."

Nikapiga, nikampa. Alikuwa haishiki vizuri, nikaisikia sauti ya Bakari inatoka nje yote, na nyuma yake malori. "Umazi? Kumekuwaje?"

"Si Umazi," mamake akasema.

Malori yalipita matatu, manne. Bakari, mnayemjua nyinyi, mtu wa kelele, hakusema hata neno.

"Umekula?" mamake akamuuliza.

"Bado, mama." Kilikuwa kisauti kidogo, cha mtoto.

"Basi nenda kale kwanza," akasema. "Halafu unipigie tugombane."